Hotuba Iliyobaki kwa Mjomba

Simu ililia Mkasi akiwa kwenye foleni ya chakula kazini, sahani mkononi. Alikuwa kaka yake.

"Mkasi, Mjomba amekufa."

 Akatoka kwenye foleni, akaegemea ukuta. "Amekufa lini? Mbona jana tu nimeongea na mkewe, hakuniambia hata kama anaumwa?"

"Siyo huyo! Mjomba wa kwenye kompyuta. Nimeshamtoa, yuko hapa mezani. Tatizo, hawa wengine nao wamegoma, hakuna anayetaka kuamka."

Mkasi akafumba macho na kushusha pumzi. "Kaka, siku moja utaniua kwa presha."

"Nisikilize kwanza. Nesi alikuja juzi. Unamkumbuka Nesi wa harusi yetu ya kwanza? Nimemwahidi kitu, na kitu chenyewe kimo humo ndani. Njoo, mdogo wangu. Tafadhali."

Mkasi hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia kaka yake akisema tafadhali. Akamwambia asiguse kitu chochote, asizime, asiwashe, asipangushe hata vumbi. Kisha akaenda kuomba ruhusa.

Zamani, kabla ya kila mtu kutembea na kamera mfukoni, ndugu hawa wawili walikuwa na studio ya video za harusi. Ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari, ngazi nyembamba za saruji, na mlango wa bluu uliokwaruza sakafu kila ulipofunguliwa. Kaka mtu alibeba kamera, watu wakamwita Jicho. Dada yake alikaa mbele ya kompyuta akikata na kuunga picha, wakamwita Mkasi. Majina hayo yaliwaganda kiasi kwamba hata kwenye kadi za mwaliko waliandikwa hivyo: Jicho na Mkasi.

Kazi zilipoongezeka, diski moja haikutosha. Mkasi akasoma, akauliza, akaharibu, akarudia, hadi akafanikiwa kuunganisha diski nne ndani ya sanduku moja la chuma zikawa zinafanya kazi kama diski moja kubwa. Mafundi wa kompyuta huita mpangilio huo RAID, na huu wao haukuwa na mtambo wowote maalumu wa kuusimamia. Ilikuwa programu tu ndani ya kompyuta. Alimweleza kaka yake kwa lugha nyepesi: kila harusi inakatwa vipande vidogo, vipande vinagawiwa kwa hawa wanne, na kila zamu mmoja wao anashika hesabu badala ya picha. Mmoja akianguka, watatu wanakaa chini, wanapiga ile hesabu, wanajua mwenzao alikuwa ameshika nini. Wakianguka wawili, hakuna cha kuhesabu tena.

"Basi ni ukoo huu," alisema Jicho, akachukua vibandiko na kalamu ya wino mzito. Iliyokuwa inaunguruma kuliko zote akaiita Shangazi. Iliyochelewa kuamka asubuhi ikawa Babu. Iliyonunuliwa mwisho, nyepesi na ya haraka, Binamu. Ya nne ilikuwa kimya, haina makuu, akaiita Mjomba, kwa sababu mjomba wao wa kweli aliweza kukaa sebuleni kutwa nzima watu wasijue kama yupo.

Miaka ikapita. Mkasi akaolewa, akahamia mji mwingine, akapata kazi ya kutunza mitambo ya kompyuta ya hospitali. Jicho akabaki juu ya duka la vipuri. Wateja wakapungua mmoja mmoja, mpaka ikafika siku bwana harusi mmoja akamwambia asihangaike, binamu zake wote wana simu nzuri. Jicho alikuwa ameshamwarifu mwenye nyumba kwamba anaviacha vile vyumba.

Mkasi alifika asubuhi ya siku ya pili, begani ana mkoba wenye diski mbili mpya zilizofungwa kwenye taulo. Mlango wa bluu ulikwaruza sakafu vilevile. Akasimama kizingitini. Kitambaa kile kilichochorwa maporomoko ya maji bado kilining'inia ukutani, kimefifia hadi maji yakawa kama maziwa. Viti viwili vya dhahabu vya maharusi vilikuwa vimepandiana kwenye kona. Harufu ilikuwa ileile: vumbi lililopata moto, waya, na mafuta ya injini yanayopanda kutoka chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Jicho alikuwa amenenepa tumboni na kupungua mabegani. Ndevu zilikuwa zimeota mvi, miwani ikamning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Walikumbatiana kidogo, kama watu wanaoona haya, kisha wote wawili wakatazama sanduku la chuma.

"Kabla sijaligusa, wifi humu inashika?" aliuliza Mkasi. "Nahitaji mtandao."

"Wifi yako hashiki, anang'ata. Yuko nyumbani, anasema lazima ukale kwake."

Mkasi akacheka hadi akakaa. Walikuwa hawajatazamana wakicheka namna hiyo kwa muda mrefu sana.

Kisha akaanza kuuliza maswali kama daktari. Jicho akaeleza: umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho, ndani ya sanduku kukawa na mlio, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Akafungua, akasikiliza, akaona mlio unatoka kwa Mjomba, akamchomoa mashine ikiwa inawaka.

"Ulijuaje ni Mjomba?"

"Si imeandikwa?"

Mkasi akaichukua ile diski kutoka mezani. Kweli, kibandiko kilisema Mjomba, kwa mwandiko wa kaka yake mwenyewe. Lakini kilikuwa kimebandikwa kwa gundi mpya, kimekaa upande. Akageuza diski, akasoma namba ndogo za kiwandani, akalinganisha na kumbukumbu za kompyuta.

"Kaka, vibandiko hivi vilitoka?"

Jicho akakuna kidevu. "Joto la kiangazi lile. Gundi ilikauka, vyote vikaanguka chini ya sanduku. Nikavirudisha."

"Ukavirudisha kwa kufuata nini?"

"Nilivyokumbuka."

"Huyu uliyemchomoa ni Babu. Mzima wa afya. Umemzika aliye hai na kumwacha mgonjwa kitandani."

Jicho alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mkasi alitaka kumgombeza, lakini namna kaka yake alivyoshika ile diski kwa mikono miwili, kama anayeiomba radhi, ilimfanya anyamaze.

Aliendelea kuchunguza, na kila alichokigundua kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Mlio ule ulikuwa wa Shangazi, aliyekaa ubavuni mwa Babu, na Jicho alikuwa amesikia vibaya. Alikuwa na madoa, sehemu zisizosomeka. Na Mjomba wa kweli, aliyekuwa amevaa kibandiko cha Babu, hakuwa kazini kabisa. Programu ilikuwa imemtoa kundini tangu msimu wa mvua wa mwaka uliopita, na tangu hapo watatu waliobaki walikuwa wakibeba mzigo wote peke yao. Mashine ilikuwa imepiga kelele kwa njia yake. Ilituma onyo baada ya onyo kwenye anwani ya zamani ya barua pepe ya studio, ambayo hakuna aliyeifungua tena.

"Kwa hiyo Mjomba alikufa kweli, ila zamani," alisema Jicho.

"Ndiyo. Na wewe ukamchomoa Babu, wakabaki wawili. Ndiyo maana wamegoma."

Jicho akashika tama. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema kwamba jamaa wa duka la simu la jirani alimwandikia amri kwenye karatasi, akamwambia aiandike kwenye kompyuta, diski zote zitaundwa upya na kila kitu kitakuwa safi.

Mkasi aliisoma ile karatasi.  "Uliiandika hii?"

"Nilitaka. Miwani niliisahau nyumbani, sikuziona herufi."

"Mungu aibariki miwani yako. Amri hii isingeunda kitu, ingefuta mipaka yote na kuanza moja. Ingekuwa safi kweli, safi kama sahani."

Karatasi ikachanwa vipande vipande. Ndipo Mkasi akauliza ni kitu gani hasa alichoahidiwa Nesi.

Nesi alikuwa bibi harusi wao wa kwanza. Alifunga ndoa na dereva wa malori, kijana mrefu mwenye maneno mengi, ambaye siku ya harusi alisimama kutoa shukrani akasahau kukaa. Alihutubia mpaka chakula kikapoa na watoto wakalala chini ya meza. Katika filamu iliyokamilika, Mkasi aliacha sentensi yake ya kwanza na ya mwisho, katikati akaweka wimbo. Familia zote mbili zilishukuru.

Sasa Dereva alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa haufanyi kazi vizuri, na maneno yalikuwa yamemkimbia. Mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kuongea upya alimshauri mkewe amsikilizishe vitu alivyovizoea, nyimbo, sauti za watu wake, na ikiwezekana sauti yake mwenyewe.

"Alisimama hapo mlangoni," alisema Jicho. "Akaniambia, 'Ile hotuba mliyoikata, siku ile niliwashukuru. Leo naitaka yote, neno kwa neno.' Nikamwambia ipo, mama, hatujawahi kufuta kitu. Akaondoka na tabasamu. Nikawasha mashine, nikasikia tak, tak, tak."

"Na mikanda ya kamera?"

"Ililiwa na ukungu, tukaitupa. Si ulisema iko salama humu?"

Mkasi akausogeza mkoba. Akafungua taulo, akatoa diski ya kwanza.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya subira. Hakuthubutu kumfanyisha Shangazi kazi akiwa katika hali ile. Kitu cha kwanza kilikuwa kunakili kila alichokishika, tone kwa tone, kwenda kwenye diski mpya. Pasiposomeka panarukwa, panarudiwa baadaye polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Shangazi alikohoa, akanyamaza, akakohoa. Kila aliponyamaza, ndugu wawili waliacha kupumua.

Walipochoka kutazama namba, walizunguka vyumbani. Jicho alimwonyesha taa ile iliyowahi kulipuka katikati ya kiapo cha ndoa, bibi harusi akadhani ni ishara akakimbia hadi nje, ikabidi shemeji zake wambembeleze. Mkasi akaikuta shali yake ya zamani kwenye ndoano nyuma ya mlango. Kaka yake hakuwahi kuitoa.

"Nilikuwa naifunikia kompyuta," alisema Jicho haraka.

"Haina vumbi."

"Nilikuwa naikung'uta."

Alasiri nakala ilikamilika, ikiwa na matundu machache. Mkasi akawapanga upya: Babu, Binamu na nakala ya Shangazi. Akaiambia programu iwakubali kwa nguvu, lakini kwa kusoma tu, pasiandikwe kitu. Mashine ikafikiri. Kisha majina ya folda yakaanza kushuka kwenye skrini, mstari baada ya mstari, harusi baada ya harusi, na Jicho akawa anayasoma kwa sauti kama mtu anayeita mahudhurio shuleni. "Mpishi na Mtangazaji. Wale mapacha. Bwana harusi aliyevaa viatu tofauti. Yule mwanajeshi..." Akavua miwani akaifuta kwa shati.

Harusi ya Nesi ilikuwepo. Kabla ya jambo lingine Mkasi akainakili pembeni, kisha akaifungua.

Hapo akasimama Dereva, kijana, suti imempwaya mabegani, amekamata kipaza sauti kama usukani. "Ndugu waalikwa," alisema, "mimi si mtu wa maneno mengi," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaanza kusimulia jinsi lori lake lilivyokuwa likiharibika kila likifika mbele ya zahanati aliyofanyia kazi Nesi. Akasema, "Siku ya kwanza nilimwambia ni rejeta. Siku ya pili..."

Picha ikapasuka vipande vya rangi ya kijani. Sauti ikatoa mlio mkali, ikazima. Mkasi akasogeza mbele, na mbele zaidi. Hotuba ilikuwa imekatika, na sehemu kubwa iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, picha moja moja kama matambara. Picha iliporudi vizuri, Dereva alikuwa ameshakaa na watu walikuwa wanakula.

Tundu moja la Shangazi lilikuwa limeangukia palepale.

Jicho aliinuka. Alienda dirishani akatazama paa la duka la vipuri. "Mara ya kwanza uliikata wewe," alisema baadaye. "Mara ya pili imejikata yenyewe. Basi. Nitamwambia Nesi."

"Usimwambie mtu kitu bado."

Mkasi alikuwa anamtazama Mjomba, aliyewekwa pembeni kwenye meza kama kitu cha kutupwa. Alikuwa amemwacha kwa sababu ndiyo kanuni. Aliyetoka kundini mapema humrudishi pamoja na wengine, maana anachojua kimepitwa na wakati, atawachanganya. Hajui harusi hata moja ya mwaka ule. Lakini harusi ya Nesi haikuwa ya mwaka ule. Ilikuwa ya kwanza kabisa. Ilipoandikwa, Mjomba alikuwa kazini na wenzake, na tangu hapo hakuna aliyeigusa.

"Kaka, nani aliyesema Mjomba amekufa?"

"Wewe."

"Programu ilisema ametoka. Haikusema ametokaje." Akainama ndani ya sanduku na tochi ya simu, akafuata waya mmoja mwekundu kwa kidole. Mwisho wake ulikuwa umelegea, umeshikilia kwa jino moja tu. "Hakufa. Waya ulichomoka. Mtu alisukuma sanduku hili akifagia, basi, mwenzetu akabaki nje mlango umefungwa."

Jicho alirudi kutoka dirishani. "Na bado anakumbuka ya zamani?"

"Kama hajaumwa, anakumbuka yote mpaka siku aliyotoka."

"Kama wewe," alisema Jicho. Mkasi akajifanya hakusikia, akabadilisha waya.

Hakukurupuka. Alimnakili Mjomba kwanza kwenye ile diski mpya ya pili, wakaenda kwa wifi, wakala, wakalala. Wifi hakung'ata mtu. Alimjazia Mkasi sahani mara mbili na kumuuliza kwa nini mashine lazima ziharibike ndipo aje. Asubuhi walirudi studio. Mkasi akawapanga Babu, Binamu na nakala ya Mjomba, safari hii Shangazi akabaki nje, tena kwa kusoma tu. Folda za karibuni zilifunguka zimevurugika, nyingine majina yalikuwa takataka. Hakuzijali. Zile alikuwa nazo salama kwenye mpangilio wa jana. Akashuka hadi chini kabisa, kwenye harusi ya kwanza.

"...Siku ya pili nilimwambia ni breki," alisema Dereva, na ukumbi ukacheka. "Siku ya tatu akatoka nje na koti lake jeupe, akafungua boneti mwenyewe, akaniambia, 'Dereva, lori lako halina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe.'"

Jicho alipiga ngumi mezani hadi kikombe kikaruka. Walisikiliza mpaka mwisho, bila kukata hata pumzi moja. Ilikuwa ndefu kweli. Na Mkasi, aliyewahi kuisikiliza mara nyingi akitafuta pa kuingiza mkasi, alishangaa kwamba ilikuwa nzuri hivyo.

Kisha akamaliza kazi. Alivitoa vitu vyote vinavyosomeka akaviweka kando, akairudisha nakala ya Shangazi kundini, akafuta ile diski mpya ya pili na kuiingiza kushika nafasi ya Mjomba upya, akaamuru safu nzima ya diski ijengwe upya. Asilimia zikaanza kupanda kama konokono anayepanda ukuta. Haikuhitaji mtu wa kuitazama. Wakafunga mlango, wakaenda kwa Nesi.

Nesi aliwapokea getini akiwa na nguo za kazi, ametoka zamu. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni, lakini mwendo ulikuwa uleule wa haraka. Dereva alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Aliwatazama, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Unawakumbuka, baba?" aliuliza Nesi.

"Ndiyo," alisema Dereva.

"Hilo ndilo neno lililobaki," Nesi aliwaambia, bila kuficha. "Tangu alipougua. Unataka chai? Ndiyo. Unataka kulala? Ndiyo. Nikutupe dirishani? Ndiyo. Nimeolewa na mwanamume asiyekataa kitu. Shoga zangu wananionea wivu." Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Mkasi akaunganisha kompyuta na televisheni. Kijana mwenye suti kubwa akatokea, kipaza sauti mkononi. "Ndugu waalikwa, mimi si mtu wa maneno mengi."

Dereva aliinua kichwa. Aliitazama ile sura kama mtu anayemwona mtu wa kwao kwenye kituo cha ugenini. Lori lilipoharibika mara ya kwanza, midomo yake ilitikisika. Lilipoharibika mara ya pili, alicheka. Sauti yenyewe ya kucheka ilikuwa haijapotea, nzito, kutoka tumboni, na Nesi akageuka kumtazama mumewe badala ya televisheni. Kwenye skrini, mjomba wa bibi harusi alikuwa anamvuta kijana koti ili akae. "Ngojeni," alisema kijana, "sijafika kwenye shukrani!" Chumba kizima kikavunjika mbavu, waliokuwa ndani ya televisheni na waliokuwa nje.

Halafu ikafika sehemu aliyomgeukia mama yake. Hakusema utani. Alisema tu kwamba mama huyu alimngoja barabarani na taa kila aliposafiri, na kwamba sasa apumzike, amepata wa kumsaidia kungoja. Kijana alitoa leso, akajipangusa uso.

"Hapo ulilia," alisema Nesi, sauti yake imelowa. "Mbele ya watu wote. Miaka yote hii unanikatalia, sasa ushahidi huo hapo. Ulilia."

"Hapana," alisema Dereva.

Jicho, aliyekuwa anainuka kusogeza kiti, aliganda nusu amesimama. Mkasi akabonyeza kitufe, picha ikasimama.

Nesi alishuka akapiga magoti mbele ya kiti. "Umesemaje?"

"Hapana." Neno lilitoka kwa shida, kama gari linalokwama kwenye tope na kunasuka. Aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha televisheni, kisha akajipapasa paji la uso kwa vidole, akatikisa mkono kana kwamba anakung'uta maji. Akarudia, kwa hasira kidogo.

"Jasho?" alisema Nesi. "Unataka kuniambia lile lilikuwa jasho?"

"Ndiyo!"

Safari hii ndiyo ilikuwa ndiyo. Nesi aliweka kichwa kwenye magoti ya mumewe, na hawakuweza kujua kama analia au anacheka. Dereva aliwatazama wageni juu ya kichwa cha mkewe, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mkasi akainama akajishughulisha na waya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Hawakumwona Dereva akipona siku ile, wala wiki ile. Nesi alipiga simu baadaye kusema kwamba sasa nyumba ina maneno mawili, na kwamba la pili linamchosha kuliko la kwanza.

Waliporudi studio kutoka kwa Nesi, safu ilikuwa imekwisha jengwa. Diski zote nne ziliitika. Mkasi alibandika majina mapya, akaandika na namba za kiwandani chini ya kila jina, kisha akabadilisha anwani ya maonyo ili yamfikie yeye. Ilibaki kufunga na kuondoka. Hawakuondoka. Jicho alikuwa ameikuta folda waliyoiita Majaribio.

Kila kabla ya harusi alikuwa akiijaribu kamera, akiielekeza popote. Hakuna mteja aliyelipia picha zile, hakuna aliyewahi kuzitazama. Humo alikuwepo Mkasi, msichana, anamfukuza kaka yake, kalamu mkononi. "Toa kamera usoni kwangu, nitakukata kichwa!" Kulikuwa na mguu wa baba yao ukining'inia kwenye ngazi, anafunga taa darini, anauliza kama umeme umezimwa, na sauti ya Jicho inajibu kwa uhakika kabisa kwamba umezimwa, na baba anaruka. Kulikuwa na mama yao mlangoni, amebeba sufuria kwa kitambaa, anaitazama kamera moja kwa moja. "Hicho kidude kinaniona?" anauliza. "Kinakuona, mama." Mama anajitengeneza kilemba, ananyoosha mgongo, anasimama kimya, sufuria mikononi, anangoja apigwe picha. Hakujua kuwa ile ilikuwa video. Akasimama hivyo kwa muda mrefu, anatabasamu, hadi mvuke ukamfunika uso.

Wazazi wote wawili walikuwa wameshatangulia. Ndugu wawili walikaa kwenye viti vya dhahabu vya maharusi, mbele ya maporomoko yaliyofifia, wakaitazama ile sehemu, wakairudia. 

"Usivihame vyumba hivi kabla hatujawapa watu vyao," alisema Mkasi mwishoni.

"Nilikuwa nafikiria hivyohivyo."

Mkasi alipiga simu kazini kuomba siku zaidi. Jicho akaanza kuwatafuta wateja wa zamani, kwa namba zilizokuwa bado zinapatikana na kwa midomo ya watu. Wakaja. Walipanda zile ngazi wakihema, wamenenepa, wamekonda, wengine na wajukuu mgongoni, wakakaa kujitazama walivyokuwa. Muuza vipuri wa chini alilalamika kwamba vicheko vinamfukuzia wateja, kisha akapanda naye kutazama, akajikuta kwenye harusi ya jirani yake akicheza vibaya sana.

Siku ya mwisho kabla ya kurudisha funguo, walikuja mwanamume na mwanamke waliokuwa wameachana. Kila mmoja alikuwa amepigiwa simu peke yake, na wala hakujua kuwa mwenzake anakuja. Walikutana kwenye ngazi. Jicho alifungua mlango akawaona wamesimama, mmoja juu, mmoja chini, akajilaumu kimoyomoyo kwa kutopanga saa tofauti. Lakini waliingia. Wakakaa kwenye benchi moja, katikati wakaacha nafasi ya mtu mzima kukaa.

Mwanzoni walitazama kama watu walioko kwa daktari. Kisha mpambe wa bwana harusi akatokea na keki, akajikwaa kwenye zulia, akaanguka nayo yote kifuani kwa mchungaji. Mwanamke akaziba mdomo. Mwanamume akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Wakacheka mpaka machozi, bila kutazamana, na filamu ikaendelea hadi mwisho.

Mkasi akasubiri kidogo, akakohoa. "Samahani. Niwatolee nakala moja au mbili?"

"Mbili," walisema kwa pamoja.